Mkulima apime udongo kabla ya kupima mkopo wa kitalu nyumba

Kwa muda mrefu sasa wakulima wadogo nchini wamekuwa wakiambiwa kuwa njia ya mkato ya kuuaga umaskini ni kitalu nyumba. Picha zinazooneshwa kwenye maonesho ya Nanenane ni za kuvutia: nyanya zimepanda kamba hadi juu, vichane vimening'inia kama zabibu, na kijana aliyevaa koti jeupe anatabasamu katikati ya mistari. Anayeitazama picha hiyo huku shamba lake la mvua limeliwa na baka jani, ni vigumu kumlaumu akitamani kukopa siku hiyo hiyo.

Si jambo baya kutamani. Teknolojia yenyewe ni ya kweli na imewatajirisha wengi, kuanzia mashamba ya maua ya Naivasha nchini Kenya hadi yale ya Usa River mkoani Arusha. Tatizo ni kwamba kinachouzwa kwa mkulima mdogo mara nyingi ni nguzo, nailoni, tangi na mabomba ya matone, wakati kinachoamua kama atalipa deni au hatalipa ni udongo, maji, joto na soko. Vitu hivyo vinne havimo kwenye kifurushi.

Ni vyema kwanza kuelewa nyumba hizi zilianzia wapi na kwa nini. Ulaya walijenga nyumba za vioo kwa sababu ya baridi. Matajiri wa huko walitaka machungwa, malimau na mitende, mimea ambayo ikiachwa nje wakati wa theluji inakufa. Nyumba ya mitende katika bustani ya Kew jijini London, iliyokamilika mwaka 1848, ilijengwa kwa chuma na kioo ili mimea ya nchi za joto iishi katika nchi ya baridi. Baadaye nailoni ilichukua nafasi ya kioo, na leo eneo la Almería nchini Hispania lina zaidi ya hekta 30,000 zilizofunikwa kwa nailoni, zikizalisha mboga zinazoliwa Ulaya wakati wa baridi.

Kwa hiyo kazi ya asili ya nyumba hiyo ni kukamata joto. Mkulima wa Kibaha, Morogoro au Muheza hana upungufu wa joto. Anachokimbia yeye ni mvua inayolowesha majani, wadudu na jua kali. Akijengewa nyumba ya kukamata joto katika nchi ambayo tayari ina joto, amenunua jiko badala ya kivuli.

Nyanya hustawi vizuri zaidi kwenye nyuzijoto kati ya 21 na 27 mchana. Joto likipita 32 na kuendelea kupanda, chavua hudhoofika, maua hupukutika na matunda hayafungi. Ndani ya kitalu nyumba kifupi, kilichozibwa kwa nailoni pande zote katika ukanda wa pwani, si ajabu kipimajoto kusoma zaidi ya 40 saa nane mchana. Mche utakuwa mrefu, majani yatakuwa ya kijani kibichi na jirani watasifia, lakini matunda hayatakuwapo. Katika maeneo hayo kinachofaa ni paa la nailoni la kuzuia mvua na kuta za neti tupu, kukiwa na urefu wa kutosha na nafasi ya hewa ya moto kutokea juu.

Hali ni tofauti Njombe, Makete au milima ya Lushoto. Huko usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali, na Makete hata sakitu huanguka. Mkulima wa maeneo hayo anaweza kutumia kitalu nyumba kwa kazi ile ile ya Ulaya na akafaidika. Hivyo ramani moja ya nyumba haiwezi kufaa wilaya zote, na anayeuza mfano mmoja kwa nchi nzima anauza bidhaa, hauzi suluhisho.

Jambo la pili, ambalo ndilo limeangusha wengi, ni udongo. Mkulima hudhani akishaweka neti na milango miwili ameufungia ugonjwa nje. Kwa baka jani chelewa hilo lina ukweli, maana ugonjwa huo unapenda jani lililolowa na paa huzuia mvua. Kwa nzi weupe, wanaobeba virusi vya kukunjamanisha majani, na kwa kantangaze, yule mdudu mwenye asili ya Amerika Kusini aliyeingia Tanzania mwaka 2014, neti nzuri ni kinga kubwa.

Lakini mnyauko bakteria haupiti mlangoni. Unakuwa umeshamo ardhini siku nguzo ya kwanza inapochimbiwa. Vimelea vyake huishi udongoni kwa miaka, huingia kupitia mizizi, na husambazwa na maji, jembe, viatu na miche iliyoathirika. Mche hunyauka mchana ukiwa bado wa kijani, usiku hujikunyata kama unaopona, na baada ya siku chache umekufa. Hakuna dawa ya kupuliza inayouponya. Kinachouongezea nguvu ni joto na unyevu wa kudumu, yaani hali ile ile ambayo kitalu nyumba hutengeneza.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Anayelima nje akikuta mnyauko anaweza kuhamia kipande kingine msimu ujao. Mwenye kitalu nyumba ameng'ang'aniwa na mita zake za mraba 240, na deni linamlazimisha kurudia nyanya juu ya nyanya. Wengine hudhani wamebadilisha zao wanapopanda pilipili hoho au bilinganya. Hayo si mabadiliko. Nyanya, hoho, bilinganya, nyanya chungu, mnavu na viazi mviringo ni ukoo mmoja na hushirikiana magonjwa. Kubadilisha zao maana yake ni kwenda kwenye mahindi, vitunguu au kabichi, na mazao hayo ni vigumu kulipa gharama ya nailoni. Kenya, ambako vibanda hivi vilienea kwa wakulima wadogo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, mnyauko umekuwa miongoni mwa sababu kubwa za wakulima kuvitelekeza.

Tatu ni maji. Paa linalozuia ugonjwa linazuia mvua pia, hivyo kila tone linalofika kwenye mzizi lazima liletwe na mtu au bomba. Mche mmoja wa nyanya uliokomaa hunywa kati ya lita moja na mbili kwa siku, kutegemea joto. Miche 500 ikinywa lita moja na nusu kila mmoja, hizo ni lita 750 kwa siku, sawa na ndoo 38 za lita 20. Tangi la lita 5,000 ambalo linaonekana kubwa dukani halifiki siku saba. Paa la mita za mraba 240 katika eneo lenye mvua ya milimita 800 kwa mwaka linaweza kuvuna zaidi ya lita 140,000, lakini ni kwa yule tu aliyefunga mifereji na kuchimba bwawa la kuzihifadhi. Wengi huziacha zikamomonyoe msingi wa nguzo.

Sasa ichukuliwe hesabu ya mfano, ambayo kila mkulima anaweza kuirudia kwa bei za kwake. Kikundi cha vijana kinakopa Sh8 milioni kwa ajili ya kitalu nyumba cha mita nane kwa 30, pamoja na matone, tangi na kichanja chake. Mkopo hauna riba na unalipwa kwa miaka miwili. Miche ni 500, na kila mmoja unatoa kilo nane. Mavuno ni kilo 4,000, yaani matenga 100 ya kilo 40. Mbegu, mbolea, viuatilifu na vibarua vinagharimu Sh1.2 milioni kwa msimu, na misimu ni miwili kwa mwaka.

Tenga likiuzwa Sh40,000, msimu unaingiza Sh4 milioni na kubakiza Sh2.8 milioni. Kwa misimu minne zinapatikana Sh11.2 milioni, deni linalipwa na Sh3.2 milioni zinabaki. Hiyo ndiyo hesabu inayoandikwa kwenye vipeperushi. Tenga likiuzwa Sh30,000, kila msimu unabakiza Sh1.8 milioni, na kwa misimu minne ni Sh7.2 milioni. Kikundi kimefanya kazi miaka miwili bila mjumbe kuchukua hata senti, na bado kinadaiwa Sh800,000.

Bei ya kujikomboa katika mfano huu ni Sh32,000 kwa tenga, kwa wastani wa misimu yote minne. Mnyauko ukiua robo ya miche, matenga yanabaki 75, na bei ya kujikomboa inapanda hadi karibu Sh42,700. Mkulima hana mamlaka ya kupandisha bei ya soko ili ifidie miche iliyokufa. Ikumbukwe pia kuwa nailoni bora iliyotiwa kinga ya jua hudumu miaka mitatu hadi mitano, hivyo mara deni likiisha, gharama ya paa jipya inabisha hodi.

Na bei hiyo ya tenga inaamuliwa na nani? Haiamuliwi na ubora wa nyumba. Inaamuliwa na malori yanayoingia alfajiri Ilala, Mabibo na Kilombero ya Arusha. Ilula na Ngarenanyuki wakishusha mzigo kwa pamoja, nyanya ya kitalu nyumba na ya shambani husimama kwenye foleni moja, na dalali hamuulizi mtu alitumia gharama kiasi gani. Faida pekee ya kitalu nyumba sokoni ni kwamba mwenye nacho anaweza kuvuna wakati wengine hawana, hasa mvua kubwa zinapoharibu mashamba ya nje. Anayepanda kwa kufuata tarehe aliyopewa mkopo, badala ya kuhesabu kurudi nyuma kutoka mwezi wa bei nzuri, ameitupa faida hiyo kabla ya kuanza.

Wapo watakaosema hoja hizi zinawakatisha tamaa vijana. Serikali nayo imewekeza humo: mwishoni mwa miaka ya 2010 programu ya kukuza ujuzi iliyokuwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu ilitumia vitalu nyumba kuwafundisha vijana katika halmashauri mbalimbali. Aidha, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Hizo ni fursa ambazo wazazi wa vijana hawa hawakuzipata.

Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu fedha hizo zinastahili kulindwa. Kijana aliyefundishwa vizuri kisha akapewa nyumba juu ya udongo wenye mnyauko hakujifunza kilimo cha kisasa. Amejifunza kukimbia deni. Kikundi kikishindwa kurejesha, kikundi kingine kilichokuwa kikisubiri fedha hizo kinakosa, na wazee kijijini wanapata ushahidi wa kusema kuwa kilimo hakina mpango.

Njia ipo, nayo inaanza na kubadilisha mpangilio wa hatua. Kwanza udongo upimwe. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina maabara ya udongo, na kituo cha TARI Mlingano mkoani Tanga kimejikita katika utafiti wa udongo. Kwa upande wa mnyauko, mkulima anaweza kufanya uchunguzi wa awali mwenyewe: anapanda nyanya chache mahali anapokusudia kujenga, na mche ukinyauka anakata kipande cha shina karibu na ardhi na kukining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, hapo si pa kujenga, au ni pa kujenga kwa kutumia mifuko na mchanganyiko wa udongo uliochemshwa.

Pale ambapo hakuna eneo jingine, dawa iliyothibitika ni miche ya kubebesha. Kituo cha Mboga Duniani, chenye tawi mjini Arusha, kinapendekeza shina la nyanya kubebeshwa juu ya mzizi wa bilinganya wa aina ya EG203, ambao unavumilia mnyauko. Kazi hiyo inahitaji mkono mwepesi, wembe safi na siku chache za kivuli na unyevu hadi kidonda kipone. Inafundishika.

Pili, na hapa ndipo wengi wanapopapita bila kupaona, kitalu nyumba kidogo kina kazi nyingine yenye hatari ndogo kuliko kukuza nyanya za kula. Kazi hiyo ni kuotesha miche. Hakuna mmea dhaifu kuliko mche wa wiki mbili. Huo ndio unaohitaji kweli paa, neti na kivuli, na unahitaji kwa wiki nne au tano tu. Unakaa kwenye trei, juu ya kichanja, ndani ya udongo uliochemshwa, hivyo mnyauko ulioko ardhini haumfikii.

Ichukuliwe tena hesabu ya mfano. Trei 200 zenye mashimo 128 zinabeba miche 25,600 na zinaenea kwenye kibanda cha mita za mraba 60, pamoja na njia. Kibanda hicho kinajengwa kwa miti ya mkaratusi, nailoni juu na neti pembeni, kwa sehemu ndogo ya Sh8 milioni zilizotajwa. Miche 20,000 ikitoka salama na kuuzwa Sh100 kila mmoja, ni Sh2 milioni. Mbegu, udongo, trei na vibarua vikichukua zaidi kidogo ya nusu, Sh900,000 zinabaki baada ya wiki tano. Mwenye nyanya wakati huo bado hajaona hata ua lililofunga vizuri, kwani mavuno ya kwanza huanza takriban siku 75 hadi 90 baada ya kupandikiza.

Soko lake pia linahesabika. Ekari moja ya nyanya hupandwa miche kati ya 8,000 na 10,000. Maana yake miche 20,000 inahitaji wateja wenye ekari mbili na kidogo tu. Si lazima kumtafuta dalali wa Ilala. Wateja ni majirani, na mwenye duka la pembejeo anaweza kuwa wakala kwa kamisheni. Wakulima wengi bado huotesha kwenye matuta ya wazi na kupoteza mbegu za gharama kwa mvua moja. Kumuuzia mtu wa namna hiyo mche uliosimama ni kumpunguzia hasara.

Biashara hii nayo ina miiba. Mche hausubiri, ukipita wiki sita kwenye trei unazeeka na hauna thamani. Kwa hiyo huoteshwa kwa oda na malipo ya awali, si kwa kubahatisha. Mbegu lazima iwe imethibitishwa na kununuliwa ikiwa na lebo, maana muotesha miche anayesambaza virusi atawaambukiza wateja wote na kufunga duka msimu huo huo. Ofisa ugani ashirikishwe tangu mwanzo kuhusu masharti ya kuuza miche.

Mwaka mmoja wa miche humpa mkulima fedha, mazoea ya kuangalia joto na maji kila siku, na orodha ya wateja. Baada ya hapo akitaka kujenga kitalu nyumba cha nyanya, anajenga kwa akiba na uzoefu, na deni linakuwa dogo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Wakopeshaji na halmashauri nao wana sehemu yao. Mkopo wa kitalu nyumba usitolewe kabla ya karatasi ya majibu ya udongo kuwa mezani pamoja na chanzo cha maji kilichokaguliwa kiangazi, si masika. Utolewe kwa awamu, na marejesho yaanze baada ya mavuno ya kwanza. Muuzaji wa vifaa afungwe kwa mkataba kumfuata mteja shambani kwa msimu mmoja kamili, na sehemu ya malipo yake ibaki mkononi mwa mkopeshaji hadi msimu huo uishe. Muuzaji anayejiamini hatakataa. Anayekataa amekwishajibu swali.

Mkulima naye, kabla hajaweka saini, ajiulize maswali manne. Udongo wangu una nini? Maji ya mwezi wa Septemba yatatoka wapi? Saa nane mchana ndani patakuwa na joto kiasi gani? Na ni nani, kwa jina, atanunua tenga langu la kwanza? Mwenye majibu manne na ajenge. Mwenye majibu mawili na aanze na trei 50 chini ya mwembe, akitafuta mengine mawili. Nailoni itaendelea kuuzwa mwakani.